Ruhusa ya Dada Nakijwa

Kiti changu cha magurudumu, kama vyote siku hizi, hakiingii kwenye nyumba ya mtu wala hakitoki mpaka mwenye nyumba aruhusu. Asubuhi kilinipandisha Usangi, kikanipitisha sokoni na kwenye shule yetu ya zamani, kikasimama getini kwa dada yangu Nakijwa. Walimzika Machi, nami nikiwa nimelazwa. Nilitaka tu kuliona kaburi lake.

"Hodi," nilisema.

"Karibu!" Mama Mbazi, jirani, aliitikia kutoka shambani kwake. Kiti hakikusogea. "Kumbe kinabagua!" akacheka. "Piga tena, kwa nguvu. Geti bado lina sauti yake, hakuna aliyeifuta."

Nikapiga hodi tena.

"Karibu, mdogo wangu," geti likajibu kwa sauti ya Nakijwa. "Mbona umekonda?"

"Alimwambia hivyo kila mtu," alisema Mama Mbazi. "Hata mimi na unene huu."

Kaburi lilikuwa nyuma ya jiko, kando ya migomba. Nilimweleza dada kwa nini sikufika. Kwa fimbo yangu niliondoa majani makavu niliyoweza kuyafikia.

Saa kumi nilirudi getini. "Dada, naomba kuaga."

"Unaenda wapi na chai haijaiva? Kaa kidogo."

Ndivyo alivyomjibu kila mgeni, na mgeni aliaga mara tatu ndipo akaachiwa. Niliaga mara ya tatu, kisha ya nne. Mama Mbazi alikuwa ameshaondoka shambani.

"Kaa kidogo," alisema Nakijwa.

Kiti kikageuka taratibu, kikanipeleka jikoni, ambako hakukuwa na moto.