Feni Tatu za Kompyuta

Mwalimu Zakaria alikwisha kuchagua kasha la kompyuta lenye sponji ya kumeza kelele ndani, na diski isiyozunguka wala kuvuma. Ilibaki feni ya kupoza mashine.

“Nataka isiyosikika kabisa,” alimwambia fundi, Bi Semeni. “Nafanya kazi kando ya kitanda cha mke wangu. Pumzi yake hukatika usingizini, na ikikatika sina budi kumwinua upesi. Siku hizi simsikii vizuri. Binti yangu asema ni kompyuta yangu ya zamani, inavuma mno.”

Bi Semeni alipanga feni tatu mezani, akaiwasha ya kwanza. Mwalimu akainamisha kichwa, akasikiliza kwa makini.

“Ndiyo hiyo,” akasema. “Imetulia kama kanisa kabla ya ibada.”

“Mwalimu nawe kwa mizaha!” Bi Semeni alicheka, akipaza sauti. “Hii nimeing’oa kwenye mashine mbovu, nimeiwasha upate kulinganisha tu. Mtazame mshona viatu kule barazani, ameziba masikio!”

Mwalimu alimtazama mshona viatu. Hakucheka.

“Washa ya pili,” akasema. Kisha, baada ya kitambo, “Na ya tatu.”

“Zote zimewaka, Mwalimu.” Kicheko kilikuwa kimemkauka fundi.

Mzee alinyoosha kiganja mbele ya zile feni hadi upepo ukamgusa. Akafumba macho na kubaki hivyo, wala Bi Semeni hakuthubutu kuzizima.