Kitufe cha Mgeni wa Heshima

Jumatano, tarehe kumi na nne Agosti, ndiyo siku mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa sababu mkubwa mmoja hapendi vumbi.

Uzinduzi ulikuwa ufanyike Kikoneni, huko huko mtandao wa kuitia pikipiki ulikotengenezwa. Afisa wa itifaki akauhamishia Ukunda, karibu na Kona ya Musa, kwenye lami. Akaamuru waendesha pikipiki wote wa Kikoneni waje, wavae fulana mpya, wapange mstari, wakaguliwe. Wakaja wote. Nani angebaki, aambiwe hataki maendeleo?

Amin alikaa chini ya hema, amefura. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Kilikuwa cha Mwanaima, mkewe na mshirika wake. Mtandao huo waliuanzisha wawili tu, kwa kompyuta kuukuu, juu ya meza ya kulia chakula: mwenye mgonjwa au mzigo abonyeze simu, pikipiki iliyo karibu imfuate mlangoni.

Asubuhi walikuwa wamegombana.

"Tufungue leo, hapa hapa, watu watumie," Mwanaima alisema. Miguu alikuwa ameipandisha juu ya ndoo, anatafuna udongo wake wa dukani. "Mtandao ni wetu, ruhusa ya nini?"

"Wamesema usifunguliwe mpaka mgeni abonyeze kitufe. Tukiwakasirisha watatufungia kabisa."

Huku hata bomba la maji hukaa kavu likingoja mkubwa akate utepe.

"Basi nenda wewe na wakubwa wako. Mimi pikipiki sipandi, na kiti chao sikitaki."

Mgeni akachelewa. Ngoma zikapigwa mpaka wapigaji wakachoka. Afisa akapita na kapu.

"Simu zote humu. Mheshimiwa hataki kelele."

"Bwana afisa, hii yangu ndiyo ya kazi," Amin alisema.

"Kazi gani, na hamjazinduliwa?"

Mle kapuni simu ya Amin ikawa inatetemeka, inanyamaza, inatetemeka tena. Fondo, mkuu wa waendesha pikipiki, akaangua kicheko.

"Amin, huyo ni Mwanaima! Hajamaliza kukutukana! Leo urudi na leso mpya, ndugu yangu, ama utalala nje!"

"Mwache apige. Amenitupa peke yangu mbele za watu!"

Alasiri ndipo magari yalipofika, ving'ora vikilia. Mheshimiwa akawasifu vijana kidogo, akajisifu mwenyewe sana. Kisha akaongozwa hadi kwenye skrini kubwa. Katibu wake alikuwa amepangwa kutuma ombi la kwanza kutoka hotelini Diani, ili picha zitoke vizuri.

Mheshimiwa akabonyeza. Makofi.

Maombi yaliyozuiliwa tangu asubuhi yakamwagika kwenye skrini. La katibu lilikuwa chini kabisa. Yote yaliyokuwa juu yake yalitoka Kikoneni, kwa mtu mmoja.

"Mwanaima. Uchungu umeanza kabla ya wakati. Naomba pikipiki."

"Mwanaima. Damu haikatiki. Naomba pikipiki."

Kisha moja zaidi, la kabla ya adhuhuri, na baada ya hilo kimya:

"Amin, pikipiki zote zimekwenda wapi?"