Miiba ya Mkaguzi

Mwaka ule ukame ulipoikumba nchi ya ng'ambo ya mto, wanyama wa upande huu walichanga ili wenzao wachimbiwe visima kumi wasife kiu. Kazi akapewa Fisi. Kukagua akatumwa Nungunungu, mwoga kupindukia, ambaye akishtuliwa kidogo tu hudondosha mwiba.

Kwenye kisima cha kwanza Fisi aliangua kicheko, na mwiba ukadondoka. Wakazunguka kwenye nyasi ndefu zilizokauka mpaka cha pili. Pembeni mwa kisima hicho Nungunungu akauona mwiba wake mwenyewe. Aseme? Wa kumvusha mto kurudi kwao ni Mamba, na Mamba ni shemeji yake Fisi.

"Mbona kimya, mkaguzi?" Fisi akauliza, akacheka tena. Mwiba wa pili ukaanguka kando ya ule wa kwanza.

Nungunungu akajibu: "Tuendelee, bwana."

Wakaendelea hivyo hivyo hadi cha kumi.

Siku ya ripoti, kabla Nungunungu hajafungua mdomo, Fisi alimwaga miiba kumi mbele ya baraza. "Ndiye mliyemtuma huyu? Kila nikicheka anadondosha! Nimeizoa yote mahali pamoja, pale kisimani!"

"Kisima kipi, bwana?" Nungunungu akauliza kwa sauti ndogo. "Si viko kumi?"

Fisi akainama kuizoa tena ile miiba. Nungunungu akashtuka, na mwiba wa kumi na moja ukamdondoka. Safari hii hakuna aliyecheka, hata Fisi.