Mlango wa Kimbelwa

Katika mji ule, kitu chochote kilichokaa upande kiliitwa cha kimbelwa. Shati lililoshonwa vibaya lilikuwa la kimbelwa, na hata chapati isiyo duara. Wachache tu walikumbuka kwamba Mbelwa alikuwa seremala, na kwamba alikosea mlango mmoja tu, wa diwani.

Asubuhi hiyo binti wa Mbelwa, Tunu, alikuwa akitia mlango mpya nyumbani kwa mkunga, Bi Zuwena. Alipokaza bawaba ya mwisho, Bi Zuwena alimpa kisu. Desturi ya pale ilikuwa fundi achonge jina lake kwenye fremu, mwenye nyumba akishuhudia. Kwa miaka tisa Tunu alikuwa akichonga jani tu.

Safari hii alichonga herufi sita, taratibu.

Bi Zuwena alizisoma, akamtazama. "Kumbe wewe ni wa kwa Mbelwa?"

"Ni baba yangu, bibi."

"Na jina hilo unaniwekea mimi nyumbani kwangu."

"Hebu uusukume kwanza."

Bi Zuwena aliusukuma hadi nusu, akauachia. Mlango uliotiwa vibaya hujiendea wenyewe. Huu ulisimama palepale. Akausukuma tena, kwa kidole kimoja. Ukasimama.

Akamwita jirani aliyekuwa akifua uani.

"Mama Sijaona, njoo uone mlango wa kimbelwa."

Jirani alikuja akicheka tayari, povu bado mikononi, akaweka kiganja kwenye ubao.