Bangili ya Nzaro

Kila mwalimu wa elimu maalumu lazima avae bangili ya kupima msongo wa mawazo. Ikiwaka nyekundu, unapewa wiki nzima ya kupumzika. Haitakiwi kulowa maji wala kukosa joto la mkono hata dakika moja, kwa hiyo mume wangu, Nzaro, akienda kuoga huniachia yake.

Tunafundisha shule moja. Mimi nina watoto kumi na wanne. Jana Charo aliniuma bega, na Sidi alijigonga kichwa ukutani mpaka nikakikinga kwa kiganja changu. Bangili yangu ilibaki kijani.

"Ninyi wanawake mmejaliwa subira," mkaguzi wa bangili huniambia. "Hata bangili zenu tumezitengeneza hivyo."

Nzaro ana watoto sita. Mwezi huu amepumzika mara mbili, na darasa lake nimelibeba mimi.

Jana jioni aliingia bafuni akipiga mluzi. Nikaivaa bangili yake kando ya yangu, nikaendelea kusonga sima. Mara ile yake ikawaka nyekundu. Yangu, kwenye mkono uleule, ikabaki kijani.

"Pole sana, Mwalimu Nzaro," bangili yake ikasema kwa upole. "Umechoka. Kuanzia kesho usije kazini wiki nzima."

Nikauacha mwiko ndani ya sufuria. Mluzi ulikuwa umekatika. Nikatega sikio nisikie maji, na hapo nikakumbuka kwamba tangu aingie sikuwa nimesikia hata kopo moja likimwagwa.

"Mama watoto," akaita kutoka nyuma ya mlango. "Imeshawaka?"