Maji Safi ya Faki

Faki alikuwa msafi kupita kiasi. Wenzake walisema akiachiwa bahari ataisugua mpaka chumvi itoke. Asubuhi hiyo, kwenye kituo walikofundishwa kutotolesha vifaranga vya samaki wa baharini, alifika kabla ya wenzake, akakuta maji ya tangi yamejaa kitu kama vumbi. Akayachuja yote kwa kitambaa, akakikung'uta kwenye mfereji wa nje, akasimama kando kusubiri sifa.

Bi Raya, mwalimu wao, aliwaita wote kwa furaha. "Mayai yameanguliwa usiku! Njooni muwaone watoto wetu. Wazazi wao hawatagi tena mpaka mwakani, kwa hiyo hawa ndio wote tulionao."

Wanafunzi wakainama juu ya tangi.

"Mimi naona sakafu ya tangi tu," alisema Mwanaidi.

"Vaa miwani, mwanangu. Ni wadogo kama vumbi."

Faki alihisi masikio yanawaka moto. Bi Raya naye akachungulia, akauliza taratibu, "Maji haya nani kayang'arisha hivi?"

"Nani tena? Si msafi wetu!" Mwanaidi akamgonga begani. "Faki, sema basi, leo usione haya."

 Faki alichukua bakuli jeupe la kukagulia vifaranga, akatoka, akapiga magoti kwenye mfereji mbele ya darasa zima, akachota maji. Ndani ya bakuli kulikuwa na vidoa viwili vyeusi. Akavikodolea macho. Hakujua kama vinaogelea, au ni maji tu yanayovisukuma.