Neno Alilolimiliki Nyati

Paliondokea Nyati aliyelipiga marufuku neno "nguvu". Eti ni lake peke yake. Wengine waseme tu wamejikaza. Pimbi, asiyejua kufyata ulimi, alilitamka mbele yake, naye akarushwa kwa pembe hadi miibani.

Masika yakaja, Nyati akazama topeni hadi mgongoni. Wanyama wakamfunga kamba, wakavuta kimyakimya. Hakusogea.

"Imbeni basi!" akafoka.

"Wimbo wa kuvuta una neno lako," akajibu Pimbi, akaiachia kamba. Wenzake nao wakaiachia. "Anzisha wewe, bwana mkubwa. Sisi tutaitikia."

Tope likamfika kidevuni. Nyati akanong'ona, "Nguvu za nani?"

"Hatukusikia!"

Akanguruma, bonde zima likasikia: "Nguvu za nani?"

"Zetu!" wakaitikia, wakavuta.